Madoa kwenye Kitani cha Kanisa

“Wewe unayeuliza kila kitu, hebu niambie,” mama alisema, pasi ya mkaa ikiwa bado mkononi mwake. “Mikono ni hii hii. Sabuni ni ile ile, jua ni lile lile. Kwa nini shati la baba yako limetoka safi na kitambaa cha kanisa kimetoka hivi?”

Nilikuwa mtoto ambaye hata padre alishanikataza kuuliza Kaini alimpata wapi mke, lakini siku ile swali lilikuwa la mama, na mama hakuwa mtu wa kumwuliza mtoto. Niliangalia kitambaa mezani. Kilikuwa cheupe kama kilivyopaswa kuwa, ila katikati na pembeni yalikuwa yametokea madoa madogo ya kahawia, mengine kama punje za ulezi, mengine kama tone lililodondoka na kukauka. Hayakuwapo kitambaa kilipotoka kwenye kamba. Yalitokea chini ya pasi, mbele ya macho yetu, kama kitu kilichokuwa kimejificha ndani ya nyuzi kikingoja joto.

Mama alikwenda kufunga mlango. Tangu siku hiyo alipiga pasi mlango ukiwa umefungwa, katika joto la mkaa, jasho likimdondoka, naye akijikinga kwa kanga ili jasho lisiguse kitambaa.

Tulikaa Newala, katika nyumba ya mwalimu jirani na kanisa. Baba alifundisha shule ya misheni na Jumapili alisoma somo kanisani. Mama alitoka Masasi, kwenye visima na mabonde, na alipoolewa akapandishwa juu huku, mahali ambapo ardhi haishiki maji. Mabomba yalikuwa hayajafika. Wakati wa kiangazi wanawake walishuka genge, ule mteremko mkali wa kwetu, alfajiri hadi kwenye chemchemi, wakapanda na vibuyu na madebe vichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Maji yaliyopandishwa hivyo hayakumwagwa ovyo. Yaliyosuuza mchicha yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yaliloweka nguo za shamba, na yaliyobaki alipewa nguruwe au yalimwagiwa kitalu cha mikorosho. Mtoto aliyemwaga kata ya maji alichapwa bila kuulizwa kisa chake.

Kazi ya kufua vitambaa vya altare ilikuwa ya mama. Vilikuwa vya kitani, vimeletwa na masista miaka mingi nyuma, na kitani si pamba. Kinakunywa maji, kinakuwa kizito kama ngozi mbichi, na kikikauka kabisa kabla ya pasi kinajikunja mikunjo isiyotoka tena. Mama alivichemsha kwenye sufuria lake peke yake, sabuni ya mche ikiwa imekwanguliwa, na magadi kidogo. Alivisuuza. Kisha aliviingiza kwenye maji ya buluu, ule unga wa buluu iliyokoza ambao Mhindi wa dukani aliupima kwa kijiko na kuufunga kwenye karatasi, ili weupe wake usiwe wa njano. Baadaye vikapita kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo alioukamua mwenyewe, vikaanikwa kidogo, vikaviringishwa ndani ya taulo vingali na unyevu, vikapigwa pasi upande wa nyuma kwanza. Kile cha mraba, kinachotandikwa chini ya kikombe, kilikunjwa mara tatu hivi na mara tatu hivi, chembe ya mkate isipate pa kuangukia. Shati la baba la Jumapili lilipitia njia hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, kwenye sufuria jingine.

Tofauti nyingine sikuiona. Kulikuwa na jambo moja tu lililojulikana na kila mtu na kwa hiyo hakuna aliyelitazama: maji yaliyopita kwenye kitani cha kanisa hayakutumiwa tena. Padre mwenyewe aliposuuza vile vitambaa mara ya kwanza, maji yake aliyamwaga kwenye shimo kando ya ukuta wa kanisa, mahali ambapo mtu hakanyagi. Kanuni, nilikuja kuisoma, inasema maji hayo ya kwanza tu. Lakini watu wetu walikuwa wameiongeza kanuni kwa hofu yao, na maji yote, hata yale ya mwisho kabisa, yalibebwa hadi shimoni. Kwa hiyo kila alipofua kitani mama alikuwa anayapoteza maji ambayo shingo yake ndiyo iliyoyapandisha.

Mara ya kwanza madoa yalipotokea, mama hakumwambia mtu. Alikamua ndimu juu yake, akatia chumvi, akakitandaza kitambaa juani nyuma ya jiko. Nilikaa hapo kufukuza kuku. Kufikia adhuhuri madoa yalikuwa yamefifia, na kufikia alasiri yalikuwa yameondoka. Mama alipiga ishara ya msalaba. Akakifua upya, akakitia buluu, akakipiga pasi, na madoa yakarudi, sehemu nyingine.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Doa linalobaki ni uchafu tu, mtu hulizoea. Doa linaloondoka likarudi na kuchagua mahali lina akili. Nilimwona akiweka pasi chini na kujipangusa mikono kwenye kanga, akaipangusa tena, kama mtu aliyeshika kitu kisichofaa.

Nami nilijua alichokuwa anakifikiri, kwa sababu nilikiona. Msimu wa mvua uliopita tulimzika mdogo wangu, mtoto wa miezi michache. Alipoanza kuugua, bibi alikuja kutoka Masasi, na baba alipokuwa shuleni bibi akamfunga kiunoni uzi mweusi wenye kipande cha mzizi. Mama hakuuomba wala hakuukataa. Baba alipokaribia nyumbani mama aliushusha uzi chini ya nepi. Katika nyumba ya mwalimu wa misheni, uzi ule ulitosha kumfanya mtu atengwe na Komunyo, atajwe mbele ya watu. Mtoto alikufa. Mama aliukata uzi kabla ya baba kumwosha, na sijui aliutupa wapi. Baada ya hapo ndipo madoa yalipoanza.

Mimi nilikuwa sitaki kuamini. Nilijaribu kila njia ya kitoto. Nilifungua pasi nikatafuta kama cheche zinapenya, hazikuwa zinapenya. Nilichunguza kamba, nikachunguza taulo. Nikajiambia ni wanga. Nikapaka wanga kwenye kitambaa cha zamani, nikakipitisha pasi, kikatoka safi. Kila nilichojaribu kilimtia mama hatiani zaidi, kwa kuwa kila mara sababu ya kawaida moja ilipungua.

Aliyegundua alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekaa nyumba ya pili na aliyekuwa mkubwa wa akina mama wa kanisa. Alikuja asubuhi moja kuomba moto. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kunitazama, kwa sababu macho yake yalikuwa juani, nyuma ya jiko, kwenye kitani na ndimu.

“Wifi,” alimwita mama, polepole. “Unapika samaki au unafua?”

Mama alisema ni doa dogo. Shangazi aliinama, akakinusa kitambaa, akakigeuza. Akasema doa dogo halihitaji mlinzi, akimaanisha mimi. Kisha akachukua moto wake akaondoka, na kabla jua halijazama watu walikuwa wanajua.

Hakuna aliyekuja kumtukana mama. Ingekuwa afadhali. Kwenye njia ya majini walinyamaza tulipofika, na tulipowapita waliendelea kwa Chimakonde, wakijua kwamba mama, Mmakua wa Masasi, hakikuwa kinamkaa vizuri masikioni. Mimi nilikisikia. Walisema kitambaa kinachogusa kikombe hakidanganyi. Walisema mbona kwa mikono mingine hakikutoa damu. Neno damu walilitia wao. Madoa yalikuwa ya kahawia, lakini baada ya kulisikia sikuweza tena kuyaona kwa rangi nyingine. Mmoja alitania kwamba mtu wa Masasi amezoea kuoga mara mbili kwa siku, labda mikono imechujuka, ndiyo maana inatoa yaliyomo. Wakacheka, mama akacheka nao kwa adabu, hakuwa ameelewa.

Kisha likaja neno ambalo mimi niliogopa kuliko kutengwa. Kwa watu wa kwetu, wa Newala na wa Masasi pia, mtoto ni wa upande wa mama. Mwanamke akiwa na shauri kubwa, anayeitwa ni kaka yake. Kaka akishafika, mara nyingi shauri limekwisha kukatwa, yeye amekuja kumbeba dada yake na watoto. Shangazi alimwambia baba barazani, mama akiwa jikoni na mimi nikipepeta mahindi, kwamba Askofu anakuja kwa Kipaimara, na kitambaa cha namna ile hakitatandikwa mbele ya Askofu, na kama mwenye mikono hana la kusema basi mjomba wa watoto aje aseme yeye.

Baba alijibu kwa sauti yake ya darasani.

“Dada, mimi ni mtu wa vitabu. Hayo ya madoa kusema siyaamini.”

Nilimpenda sana kwa maneno hayo. Niliyarudia moyoni siku nzima. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vitu vyangu: vingetosha kwenye tenga? Shule ya Masasi wangenipokea katikati ya mwaka? Baba angebaki na nani? Ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma kila asubuhi na kufunika nyumba, na kila sauti ya baiskeli niliyoisikia ndani ya ukungu ule nilidhani ni mjomba.

Mama alikwenda kwa padre. Sikujua alimwambia nini. Alirudi macho yamevimba, hakula. Padre wetu alikuwa mzee mpole wa kizazi cha kwanza cha misheni, na siku ya pili alikuja barazani akaketi, akasema kitambaa ni kitambaa. Shangazi akasema ndiyo padre, lakini watu ni watu. Mwishowe padre akasema: kifuliwe uani kwake yeye padre, mchana, akina mama wote wawepo, mama yangu afue kwa mikono yake mwenyewe. Kikitoka safi, maneno yaishe. Hakusema kikitoka na madoa itakuwaje. Hakukuwa na haja.

Sasa ninapolikumbuka jambo lile nashangaa kwamba mtu mwenye huruma vile aliruhusu. Alikuwa anaogopa naye, nadhani. Hofu ya kijiji huwapanda hata wale wanaoikataa, na kuikataa kwao huwa kwa sauti ya chini.

Siku ya kufua ilikuwa Jumamosi. Shangazi alikuwa amepanga kila kitu. Hakutaka maji ya nyumbani kwetu, asije mtu akasema yametiwa kitu. Kila mama alikuja na kibuyu chake au debe lake, maji aliyoyapandisha mwenyewe, wakayapanga ukutani kwa padre. Sikuwahi kuona maji mengi namna ile mahali pamoja wakati wa kiangazi. Sabuni ililetwa, magadi yakaletwa, buluu ikaletwa kutoka duka lile lile, pasi ikawa ya padre. Mama alipewa kiti akakataa. Alipiga magoti mbele ya beseni.

Alichemsha, akafikicha, akasuuza kama alivyozoea, kwa mkono wa mtu anayeona kila tone. Alipotaka kukitia kwenye buluu, shangazi alimzuia.

“Suuza tena.”

Mama akasuuza. Maji yakabebwa shimoni.

“Tena. Kama kuna dawa mikononi, haitoki kwa maji ya mara moja.”

Debe jingine likamiminwa. Mama akasuuza, akakamua, mikono ikiwa imesinyaa na kuwa myeupe kwenye vidole. Shangazi akalamba ncha ya kitambaa, akatema, akasema bado. Mabibi waliokaa kwenye mkeka walianza kunong’ona, si kwa sababu ya mama sasa, ila kwa sababu ya maji. Bibi mmoja mwenye ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu, alisema kwa sauti, akitazama kibuyu chake kikiinamishwa, “Mkubwa wetu, mkikisuuza hivyo kitabaki uzi mmoja, Askofu aje ajifutie kidole.” Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alisimama juu ya beseni hadi maji yalipotoka kama yalivyoingia, na shimo lile la ukutani siku hiyo lilikunywa kuliko kijiji kizima.

Ndipo ikaja buluu, ikaja wanga, kikaanikwa kidogo kivulini. Watu walingoja. Hakuna aliyekwenda nyumbani kupika. Baba alikuja akasimama nyuma karibu na uzio, mikono mgongoni, kama anavyosimama wakati wa mtihani.

Mkaa ulipowaka mama aliishika pasi, akaipuliza majivu. Padre akamwambia taratibu asubiri. Akasubiri. Kisha akaishusha.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza, kidevu changu karibu na kitambaa. Mvuke ulipanda usoni mwangu. Niliitazama nyuma ya pasi, pale ambapo madoa huwa yanatokea, nikawa najiambia kwamba nisipopepesa hayatatokea. Nilikuwa sikubali miujiza, na bado nilikuwa nafanya biashara na kitambaa. Pasi ilikwenda, ikarudi. Nyuma yake kulikuwa na weupe. Mama akakigeuza, akapiga upande wa mbele, hadi pembeni, hadi kwenye pindo. Weupe. Akaiweka pasi, na kila mtu akangoja kitambaa kipoe, maana huenda madoa yakawa yamechelewa tu.

Shangazi alikichukua, akakiinua kuelekea jua. Alikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Haya,” alisema. “Leo umefua.”

Mama alikikunja mara tatu hivi na mara tatu hivi, akampa padre. Halafu akaenda nyuma ya jiko la padre akatapika.

Askofu alikuja akaenda zake. Baada ya hapo shangazi aliweka zamu: kila wiki ya kufua vitambaa, akina mama wawili wa kanisa walileta maji yao, ili kazi ile isiwe tena siri ya nyumba moja. Madoa hayakurudi. Watu walisema mama ametakaswa. Mama mwenyewe aliamini hivyo, na kwa sababu aliamini ametakaswa, aliamini pia kwamba kweli alikuwa mchafu, kwamba uzi ule ndio uliokuwa ukisema, na labda ndio uliomuua mtoto. Aliubeba mzigo huo miaka yote. Hakuna jaribio la madoa lililoweza kumtua.

Nilipofika Chuo Kikuu nilikuwa bado na swali lake. Siku moja nilimwuliza mwalimu wa kemia, si wa somo langu, nikijifanya nauliza kwa ajili ya nguo zangu. Alinijibu huku akitafuta chaki. Alisema baadhi ya buluu za kufulia, zile zilizokoza, hutengenezwa kwa chuma. Kitambaa kikibaki na sabuni au magadi kwa kutosuuzwa vizuri, buluu inavunjika, na joto la pasi linaacha kutu. Ndimu inaiondoa kutu. Ukirudia kufua vile vile, inarudi.

Nilikwenda bwenini nikafanya. Nilipata kipande cha kitani, nikatafuta buluu ya namna ile kwenye maduka ya Kariakoo hadi nikaipata, nikasuuza kidogo tu kwa makusudi. Nilijua kitakachotokea na nilijua kwa nini. Madoa yalipojitokeza chini ya pasi, niliacha pasi mezani nikatoka nje, na nilichukua muda kurudi.

Likizo nilipanda hadi Newala, nikamweleza mama. Nilimweleza kwamba shati la baba lilisuuzwa sana kwa kuwa maji yake yalikuwa na kazi nyingine mbele, lakini maji ya kitani yalikuwa ya kumwagwa, kwa hiyo aliyabana. Kitambaa alichokiheshimu kuliko vyote ndicho alichokisuuza kidogo kuliko vyote. Nilidhani nimemletea zawadi. Alisikiliza, akichambua mchele.

“Na siku ile kwa padre?”

“Siku ile shangazi alikusuuzisha hadi sabuni ikaisha yote.”

Aliendelea kuchambua.

“Basi aliyeniokoa ni wifi,” alisema. “Na kuniokoa hakukuwa nia yake.” Kisha akauliza, kwa sauti ambayo nimeshindwa kuisahau, “Na mtoto, hicho chuo chako kinasema nini juu ya mtoto?”

Niliusogeza ungo katikati yetu, nikaanza kuchambua naye.

Baba alishafariki wakati huo. Nilishuka Masasi kumwona mjomba kabla ya kurudi chuoni, na kwa kuwa nilikuwa nimejaa habari za madoa nilimsimulia yeye pia. Alinisikiliza akiwa ametabasamu, hadi nilipofika Jumamosi ya kufua. Akasema siku hiyo anaikumbuka. Alikuwa kijijini Mkunya, karibu na Newala, kwa mtu wa ukoo wetu, amelala hapo toka jana yake, akiwa na baiskeli yake na nyingine ya kuazima, na kamba za kufungia mizigo. Alikuwa ameagizwa angoje habari. Kitambaa kikitoka na madoa, aje atuchukue mimi na mama jioni ile ile. Nilimwuliza kama ni shangazi aliyemwita. Akasema hapana, shangazi hakuwa na habari. Aliyemwita ni baba.